Kwenda Kuona, na Kurudi

Katika nyanda zetu za juu neno "safari" lina maana chache, na karibu zote ni nzito. Mtu husafiri kwa sababu vita vimemfukuza. Husafiri kupeleka ng'ombe sokoni, au kumshusha mgonjwa kwa kipoyi hadi penye daktari. Husafiri kwa sababu jina lake limetoka katika orodha ya wakimbizi wanaopelekwa nchi za mbali, na hapo huaga kama anayeuaga ulimwengu. Lakini mtu akisema, "Ninakwenda kuona tu, kisha nitarudi," watu humtazama wakitafuta siri aliyoificha. Leo nataka kuitetea safari ya namna hiyo, kwa maana naamini ni shule ambayo sisi wa Minembwe, Fizi na Baraka tumenyimwa kwa muda mrefu.

Nilipofikia umri wa miaka hamsini na mbili nilifunga safari hiyo. Nilisomea ualimu, na kwa miaka mingi nimesimama mbele ya watoto nikichora ubaoni njia ya misafara: mstari mmoja kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, kisha mshale mdogo unaovuka ziwa kuja kwetu. Nilitamani kuuona mstari ule ukiwa ardhi na mawe na maji. Niliweka akiba kwa miaka mitatu, nikaandaa hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikasubiri kiangazi na siku za utulivu, kwa sababu njia ya kutoka Minembwe kushuka Fizi hufunguka na kufungwa kwa kadiri ya bunduki. Sikuwa na kampuni ya kunitembeza wala ndugu wa kunipokea. Nilikuwa na begi moja, daftari, na fedha nilizozigawa sehemu tatu ili moja ikiibiwa nisikwame njiani.

Minembwe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Mteremko huo mtu huusikia mwilini. Koti ulilojifunika alfajiri linakuwa mzigo adhuhuri, malisho yanaishia nyuma yako, na mbele inaanza migomba, kisha michikichi, hadi rasi ya Ubwari inajitokeza majini kama mgongo wa mnyama aliyelala. Pale Baraka nilipanda boti ya mbao iliyokuwa ikienda Kigoma.

Ndani ya boti tulikuwa wachuuzi, wanafunzi, akina mama wenye magunia, na watu waliokuwa wakirudi kambini Nyarugusu baada ya kuja kuzika ndugu. Kambi hiyo, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wetu waliokimbia vita, na wapo waliozaliwa humo, wakaoa humo, wakazaa humo. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Usiku, katikati ya maji mengi kiasi hicho, kabila la mtu halionekani. Mawimbi yalipopanda, aliyekuwa akitapika alishikwa kichwa na aliyekuwa karibu naye, na hakuna aliyeuliza jina la ukoo.

Kulipokucha tulikuwa Kigoma. Hati ziligongwa muhuri, nikasogeza saa yangu mbele kwa saa moja, kwa maana ng'ambo ile jua linawahi kuhesabiwa. Siku ya pili nilikwenda Ujiji, mwendo mfupi kutoka mjini. Wageni wengi huenda pale kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kabla yao, Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, baada ya kutembea zaidi ya miezi saba kutoka pwani. Upo mnara wa kumbukumbu, na ipo miembe ambayo wenyeji huiita vizazi vya mwembe wa zamani uliowatilia kivuli wazungu wale.

Mimi niliyekuwa nimetoka ng'ambo nilikuwa na jambo jingine la kutazama. Mwezi Juni 1878 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walitoka Bagamoyo kwa miguu, na Januari 1879 baadhi yao wakafika Ujiji. Mwaka 1880 walifungua kituo Mulweba, upande wetu wa ziwa. Mwaka 1883 wakafungua Kibanga, karibu na Ubwari. Vijana wangapi wa Baraka wanajua kwamba Kibanga iliwahi kuandikwa katika barua zilizosomwa Algiers na Roma? Na maji hayo hayo yaliyowavusha yalikuwa yakivusha watumwa kwenda mashariki. Katika miaka ya 1880, Rumaliza, mfanyabiashara aliyekaa Ujiji, alikuwa na nguvu katika sehemu kubwa ya kaskazini ya ziwa, na babu zetu wa ufukweni walizijua bunduki zake. Nilisimama pale nikitazama magharibi, milima ya kwetu ikiwa kivuli cha bluu ndani ya ukungu, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba tulikuwa upeo wa macho wa watu wengine.

Kutoka Kigoma nilipanda gari moshi. Reli ya Kati ilifika mji huo mwaka 1914, na hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Njia iliyowachukua wale wa kale miezi saba niliimaliza kwa muda wa siku mbili hivi, katika daraja la tatu, magoti yangu yakigusana na magoti ya mtu nisiyemjua. Stesheni zenyewe hufundisha jiografia: Uvinza watu huuza chumvi, kama walivyoiuza kabla ya wakoloni, karibu na Tabora huuza asali, Dodoma huuza zabibu. Msafiri ananunua kupitia dirishani, na kila anachokula kimeota katika udongo anaouona.

Tabora tulisimama muda mrefu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia katika mji huo, na nyuma ya askari walikuwepo wapagazi kwa maelfu, waliotolewa vijijini kwetu kubeba risasi na unga. Nilifungua daftari nikaandika orodha ya watu waliopita njia hii kabla yangu kutoka upande wetu: mtumwa, mpagazi, askari, mkimbizi. Kila mmoja wao alipelekwa. Nilijaribu kumkumbuka mmoja aliyekwenda kwa hiari yake, ili aone tu kisha arudi kuwasimulia watoto, nikashindwa kumtaja kwa jina. Labda walikuwepo, nao hawakupata wa kuwaandika. Hapo ndipo nilipoona kwamba kiti changu cha mbao cha daraja la tatu kilikuwa kitu cha thamani. Nilikuwa nimekaa pale kwa sababu nilitaka.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliniuliza, "Wewe ni mtu wa wapi, baba?" Vijana wangu, mnajua swali hilo linavyosikika kwetu. Likiulizwa kwenye kizuizi barabarani, jibu lake laweza kumgharimu mtu uhai. Likiulizwa ofisini, laweza kumgharimu haki yake. Nilijikuta nikitafuta jibu la kujikinga. Kisha nikasema, "Mimi ni wa Kongo." Akasema, "Karibu," akanimegea kiazi. Hakutaka kujua zaidi. Kwa siku mbili zile nilikuwa Mkongo, basi, na nilipumua.

Dar es Salaam si makao makuu ya nchi tena, kwa maana Serikali imehamia Dodoma, lakini machoni mwa msafiri bado ni mji mkuu. Magari hupita upande wa kushoto, hivyo mtu wa kwetu sharti ajifunze upya kutazama kulia kabla ya kuvuka. Kiswahili nacho kina mapambo yake. Kwetu "Jambo" ni salamu kamili, kule nilipomwamkia mzee mmoja kwa neno hilo, alitabasamu akanieleza kwamba siku hizi wanawaachia watalii, na kwamba mkubwa huambiwa "Shikamoo," naye huitikia "Marahaba." Nilitembea kwa miguu kutoka stesheni hadi bandarini, nikaingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, nikakaa ndani ya ubaridi wake huku meli zikilia nje. Nilikwenda Makumbusho ya Taifa. Kisha nikaenda Kariakoo.

Jina la Kariakoo lina historia inayotuhusu. Lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa na kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo ni mitaa ya maduka, ambako mizigo ingali inabebwa vichwani. Nilinunua kitambaa katika duka moja dogo, nikalipa, nikasema kama tunavyosema, "Aksanti mingi." Mwenye duka akainua kichwa. "Wewe ni wa kwetu," akasema.

Alitaja kijiji chake, nikataja changu. Sote wawili tulinyamaza kidogo, kwa sababu vijiji vile viwili vimechomeana nyumba. Sitataja kabila lake wala langu. Mnaweza kukisia, na nawaomba mkitazame vizuri hicho kinachowasukuma kukisia. Baada ya kimya kile alimwachia kijana wake duka, akanipeleka kula ugali wa muhogo na dagaa wa Kigoma. Tulizungumza juu ya mvua, bei ya ng'ombe, na matope ya njia ya Pointi Zero. Aliniuliza kama mikaratusi ya kando ya shule bado imesimama. Nilimwambia michache imesimama. Macho yake yalijaa machozi kwa ajili ya miti ambayo mimi hupita chini yake kila siku bila kuitazama.

Kurudi kwangu hakukuleta mkataba wa amani. Nilirudi na namba ya simu ya mtu mmoja, na hadi leo huniuliza habari za miti ile. Ila najua jambo moja kwa hakika: Minembwe tusingekula pamoja. Angepita upande wake wa soko, nami ningepita wangu. Ilitubidi twende mbali, mahali ambapo sote wawili tulikuwa wageni, ili tuonane.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda basi kuelekea kaskazini, kilomita zipatazo 70 kandokando ya pwani, hadi Bagamoyo. Mtu aliyekulia karibu na ziwa hudhani anayajua maji. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikakuta bahari imeondoka. Ngalawa zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga, na watoto walikuwa wakiokota chaza mahali ambapo jioni iliyotangulia palikuwa na mawimbi. Mara mbili kwa siku bahari hupwa, na mara mbili hujaa. Wavuvi hupanga maisha yao kwa mwendo huo wa maji na wa mwezi. Tanganyika halijawahi kutufanyia hivyo. Nilionja maji yenyewe ili nihakikishe chumvi, nikacheka peke yangu.

Kilomita chache kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yaani mamia ya miaka kabla ya meli ya kwanza ya Wareno kufika. Ndani ya mji ziko nyumba za mawe na milango ya kuchongwa, na Boma la Wajerumani, ambao waliufanya mji huu makao yao makuu hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Kaskazini kidogo, mwisho wa njia yenye miembe, kuna misioni iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotoka Zanzibar. Hapo walikomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Makaburini pao utasoma umri wa wamisionari wale: wengi walikufa wakiwa bado vijana, homa zikiwa zimewamaliza.

Katika ua wa misioni umesimama mbuyu mkubwa ambao ndani ya shina lake umemeza mnyororo; kipande kidogo tu kinachungulia. Wageni hukiona, nyuso zao zikabadilika, kwa maana hudhani ni mnyororo wa watumwa. Mwenyeji hueleza kwamba ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja aliyehudumia zahanati, na mti ukakua juu yake. Niliupenda ukweli huo wa punda. Mahali penye mateso ya kweli hapahitaji kuongezewa chumvi, na sisi tunaotoka katika nchi ya uvumi, ambako neno moja lisilochunguzwa limechoma vijiji, tungefaidika kuuliza kila mnyororo tunaoonyeshwa: ulikuwa wa nani?

Jina la mji nalo lina masimulizi mawili. Wengine husema ni mtumwa aliyesema "bwaga moyo," uache moyo wako hapa, kwa maana ng'ambo ya bahari hakuna kurudi. Wengine husema ni mpagazi, Mnyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kwa ujira, aliyefika akaituliza roho yake na kuutua mzigo. Mwalimu ndani yangu alitaka jibu moja. Lakini watu wote wawili walifika pale, wakakanyaga mchanga ule ule, na kila mmoja alikuwa na haki ya neno lake.

Mnara wa kanisa la kwanza bado upo. Hapo, mwezi Februari 1874, uliwekwa mwili wa Livingstone, uliobebwa na Susi, Chuma na wenzao kwa miezi tisa kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Wazungu walimzika Livingstone kwa heshima London. Waliombeba walirudi makwao, wengi wao bila majina yao kujulikana. Niliketi chini ya mnara ule nikaongeza mstari wa tano katika orodha yangu: wale waliotembea mbali kwa ajili ya uaminifu. Nao hawakulazimishwa na mtu.

Wapendwa vijana, nini basi nilichokirudisha nyumbani? Kwanza, nilijifunza kuwa mgeni. Mgeni huuliza njia, husubiri kuonyeshwa mahali pa kulala, hula anachopewa, na hushukuru kwa lugha ya wenyeji. Hana silaha isipokuwa adabu yake. Mtu aliyewahi kusimama hivyo, akapokewa, hawezi tena kumtazama mgeni mlangoni pake kwa macho yale ya zamani. Wanafunzi wa Emau walimtambua Bwana jioni, walipomkaribisha mgeni mezani, baada ya kutembea naye njiani. Huenda kuna watu ambao hatutawatambua mpaka tutembee nao.

Pili, nilijua kwamba Kiswahili chetu, ambacho wazee walikiita Kingwana, kilikuja kwa njia ile, midomoni mwa waungwana wa misafara, pamoja na vilio vya waliofungwa. Tumerithi lugha moja kutoka katika msiba mmoja. Anayezungumza nayo ng'ambo ya bonde, hata akiitwa adui, ameirithi pamoja nawe.

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, tusafiri kwa njia ipi? Barabara imefungwa, na fedha hatuna." Mna haki ya kuuliza, nami sitamshauri mtu ajihatarishe kwa ajili ya kuona magofu. Lakini mwaka 2006 Tanzania iliorodhesha njia ya misafara kwa UNESCO, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ikisubiri kutambuliwa kama urithi wa dunia. Mstari ule unaishia ufukweni mwa ng'ambo. Mshale mdogo unaovuka kuja kwetu bado haujachorwa na mtu, na kazi hiyo ni yenu. Siku njia itakapokuwa salama, kikundi kishuke Kibanga na Mulweba, kiulize wazee wa pale, kiandike. Na vijana wa Baraka wapande Minembwe, waonje maziwa yetu, waone ukungu ukipanda malishoni asubuhi. Waje kuona tu, kisha warudi.

Hata kabla ya siku hiyo, ipo safari ya nusu saa. Nenda mtaa ule usioupita. Salimia, uliza njia hata kama unaijua, na uketi ukikaribishwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Swali "Wewe ni mtu wa wapi?" limewahi kukutia hofu? Je, wewe umewahi kumtia mtu hofu kwa swali hilo?

2. Ni habari gani katika jamii yetu inayofanana na mnyororo wa mbuyu, ambayo wote tunaisadiki na hakuna aliyeichunguza?

3. Ni mahali gani karibu nawe ambapo hujawahi kufika kwa kuogopa watu wake? Nani angekubali kwenda nawe?